UZI: Naigeuza ndege nzito ya nyaya, ilikuwa ya injini ya mafuta, iende kwa umeme. Niko Chake, naomba mawazo

NyayaMbili (mleta uzi)

Assalaam aleikum jamaa zangu. Mie niko Chake Chake, Pemba, na n'na jambo limenikaa kichwani tangu kaskazi ilipoanza kuvuma.

Ami yangu alokuwa akiishi Maskati alikuwa mtu wa ndege za mfano, zile za kurushwa kwa nyaya, sio za rimoti. Kwa wasozijua, ndege inafungwa nyaya mbili nyembamba za chuma, mrushaji anasimama katikati ya uwanja kashika kishikio, ndege inamzunguka duara, ukikipindua kishikio huku inapanda ukikipindua kule inashuka, basi, hakuna redio hakuna nini, ni mkono wako na ndege na nyaya zenyewe. Alozipa umaarufu ni Mmarekani Jim Walker wa Portland miaka ya 1940 na mpaka leo zina mashindano ya dunia, fungu la michezo ya angani linaitwa F2B.

Ami alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na watu wa nyumbani kwake wakaniletea sanduku kwa sababu mie ndo nlokuwa nkikaa nae uwanjani kila nkienda kumtembelea, namshikia ndege mpaka aniashirie niachie. Ndani ya sanduku mna ndege moja kubwa ya balsa, bawa mita 1.5, eneo la bawa nimepima linakuja desimita za mraba 45, na injini ya cc 10 iliyoganda. Nzito khasa. Bila mafuta gramu 2,130, tangi likijaa 2,300.

Injini nimeifungua ikawa nzima, tatizo mafuta. Yale sio petroli, ni methanoli na mafuta ya mbarika na nitromethani kidogo, na hayaruhusiwi kupanda ndege ya abiria hata tone, sio begi la mkononi sio la chini. Huku kuyapata nimeuliza kote nimeshindwa. Kwa hivo nataka kuitia mota ya umeme. Kila nnaemuuliza ananambia ndege hii nzito mno kwa betri, iwe pambo la ukutani. Mie pambo sitaki, nataka iruke. Alojua anisaidie.

MwanaWaFundi_Mkoani

Waaleikum salaam kaka. Mie mzee wangu alikuwa akichonga ngarawa kwa hivo mbao nazijua kidogo. Kwanini usijenge mpya nyepesi ukamaliza? Msufi upo tele, na ukiukata vizuri ukaukausha kivulini ni mwepesi, halafu msufi na mbalsa ni ukoo mmoja wa miti. Hiyo ya ami yako ihifadhi.

NyayaMbili

Kaka ahsante, la msufi nimelipokea na ntalihitaji, utaona. Ila kujenga mpya sitaki kwa sasa. Ndege hii ina alama ya kidole cha ami kwenye rangi ya bawa la ndani, aliigusa haijakauka. Nkijenga nyengine itakuwa nyengine.

Solda_Darajani

Mie kazi yangu betri, pikipiki za umeme na masola, ndege sizijui. Lakini hesabu ya umeme haichagui chombo. Wanaosema nzito kwa betri wamepiga hesabu au wanasema tu? Nasoma kwamba ndege za michezo zinataka kama wati 200 na kitu kwa kila kilo. Tuseme 220. Ndege ikiwa kilo 2.34 na betri yake ndani, inakuja wati 515. Betri ya lipo (aina ya lithiamu) ya seli 6 ni volti 22.2, gawa, unapata ampia 23. Basi! Ampia 23 sio kitu cha kutisha, kuna pikipiki hapa zinavuta zaidi ya hizo kupanda mlima.

Unataka kuruka dakika ngapi?

NyayaMbili

Mchezo kamili wa F2B ni kama dakika tano na kitu.

Solda_Darajani

Ampia 23 kwa dakika 5 na robo ni kama mAh 2,010, yani kiasi cha umeme betri inachotoa. Na lipo usiinyonye zaidi ya asilimia 80 ukitaka ikae. Kwa hivo betri ya 2,700 inakupa 2,160 za kutumia, inatosha na inabaki kidogo. Uzito wake gramu 430 hivi. Usije ukajidanganya ukachukua ya 2,200 kwa sababu ina gramu 350, ile ukiinyonya kwa kiasi inakuishia dakika nne na nusu, itabidi uikamue mpaka ivimbe, na betri ilovimba ni moto unaongoja siku yake.

MzeeMatrah

Wanangu salaam. Nimeusoma uzi huu nikiwa huku Maskati na nimefurahi kupita kiasi. Nimerusha ndege za nyaya tangu ujana, sasa magoti hayaruhusu kuzunguka. Nyayambili mwanangu, pole kwa msiba wa ami yako.

Nataka niliseme hili mapema ili usipoteze njia. Uzito wenyewe sio adui yako, adui ni uzito ulokaa pahala sipo. Ndege yako ikiwa gramu 2,340 kwa desimita 45 ni gramu 52 kwa kila desimita ya mraba. Nzuri za mashindano zinakuwa kama 40. Maana yake kona zako zitakuwa pana, hutokata kona ya mraba kali kama wakubwa, lakini duara kubwa na nane ya kulala utazipiga vizuri tu.

Tena umeme una sifa mbili ambazo ndege nzito inazipenda khasa. Ya kwanza, tangi la mafuta linaisha huku unaruka, kwa hivo pua inakuwa nyepesi kadri dakika zinavokwenda, ndege ulorusha dakika ya kwanza sio ulotua nayo. Betri uzito wake ni ule ule mwanzo mpaka mwisho. Ya pili, hivi vidhibiti mwendo vya mota vina mfumo wa gavana. Ukiweka mizunguko 9,500 kwa dakika basi ni 9,500, ndege ikipanda kinaongeza nguvu, ikishuka kinapunguza. Ndege nzito ikishuka hukimbia kama gari liloachiwa mteremko wa mlima, halafu mkono unavutwa na kona inaharibika. Gavana inaishika isikimbie.

NyayaMbili

Ami Matrah (niruhusu nikuite hivo) umenipa moyo. Swali, mvuto kwenye nyaya je? Mie n'na wasiwasi na mkono na wasiwasi zaidi na vyuma vya ndani ambavyo vina umri wangu.

MzeeMatrah

Niite hivo hivo mwanangu. Nyaya zako zikiwa za kutosha ndege izunguke mita 20 kutoka mkononi, duara zima ni mita 125.7. Mzunguko mmoja ukichukua sekunde 5.3 mwendo ni mita 23.7 kwa sekunde, karibu kilomita 85 kwa saa. Kwa kilo 2.34 mvuto unakuja kama kilo 6.7 mkononi, muda wote. Ni kama umeshika ndoo ya maji isojaa kwa mkono uliounyoosha mbele huku unazunguka. Ndo maana lazima uivute kwanza ikiwa chini, mara 10 ya uzito wake, kwako kilo 23 na nusu. Usiruke kabla ya kuivuta. Hata kama umechoka, hata kama watu wamejaa uwanjani wanangoja.

BodaTemeke

Mkuu habari, niko Dar, nimepita tu nikanogewa. Hizo nyaya za chuma za nini, si utumie mshipi mzito wa kuvulia, ule wa kilo 50 haukatiki?

MzeeMatrah

Hapana mwanangu. Mshipi wa nailoni unanyumbuka. Unapindua mkono, mshipi kwanza unarefuka, ndege inapata habari kwa kuchelewa na kwa kiasi ambacho sio chako. Kwa kidege cha watoto sawa. Kwa kilo 2.3 inayokwenda kilomita 85 ni khatari kwa mtu aliesimama pembeni. Chuma cha kusokota kisichoshika kutu, unene wa mm 0.46, na huko kwenu kwenye chumvi ya bahari kipanguse kila ukimaliza na ukikunje kwenye gurudumu lake, usikiache kikajipinda.

NyayaMbili

Wiki mbili zimepita, naleta habari.

Jamani kazi kubwa ya ubadilishaji huu sio mota! Mie nlidhani ntanunua mota nifunge parafujo nne nende uwanjani. Kazi ni mbao. Injini ya zamani ilikuwa imelala juu ya mihimili miwili ya mbao ngumu ilokwenda mpaka ndani ya bawa, na pua yote imekunywa mafuta ya mbarika miaka na miaka. Nimetia patasi, ile balsa inatoka nyeusi, laini kama tende, ukiibana vidoleni inatoa mafuta. Gundi ya epoksi haishiki mbao kama ile, unaweza ukaibandika leo ikakaa vizuri, ukaifurahia, halafu ikang'oka yote mzima mzima siku ya kwanza mota inapotetemesha.

Nlofanya ni hivi. Ile ilooza kabisa nimeikata mpaka nimefikia mbao inayotoa harufu ya mbao. Iliobaki na mafuta kidogo nimeipaka poda ya mtoto nene, nkaipulizia draya ya nywele ya mke wangu (aliniruhusu) mpaka mafuta yanapanda juu na poda inakuwa manjano, nkaikwangua, nkapaka tena. Mara sita. Mara ya sita poda ilibaki nyeupe. Kisha spiriti, kisha nkaiacha siku tatu. Nkajaribu tone la epoksi kwenye kona, baada ya siku nzima nkalitia kisu, likang'oka na mbao yake, na hapo ndo nlijua imeshika.

Nilotoa gramu 90 nzima za mihimili na uozo. Nilorudisha gramu 60, ukuta wa plaiwudi mbele wa kufungia mota na sanduku la betri, na hapa ndo MwanaWaFundi anapata haki yake maana mashavu ya pembeni ya pua nimeyafanya kwa msufi. Balsa ya kuagiza inachukua muda na msufi nimeupata Vitongoji kwa jamaa anaekata matawi. Nimeupiga randa mpaka mm 3, nyuzi zake ndefu kuliko za balsa na unapiga msasa tofauti, unanyanyuka manyoya, lakini ukiupaka epoksi nyembamba unatulia.

MwanaWaFundi_Mkoani

Manyoya hayo unayaua kwa kupitisha kitambaa chenye maji, uache ukauke, halafu msasa laini tena. Mzee akifanya hivo kwenye mbao za ndani za ngarawa. Umenifurahisha kaka.

NyayaMbili

Sasa mizani. Hapa nawaomba muifuate hesabu mnambie kama nimekosea, maana ami Matrah alisema pahala pa uzito.

Nukta ya mizani ya ndege, yani pale ukiinyanyua inakaa sawa bila kuinama, niliijua tokea injini ya zamani haijatoka, ami aliitia alama ya wino chini ya bawa. Toka nukta ile mpaka injini na propela yake ni sm 28, na uzito wao gramu 540. Zidisha, 15,120. Tangi lilikuwa sm 14, likiwa nusu gramu 135, hiyo 1,890. Jumla ya vilokuwa vikivuta pua chini ni 17,010.

Sasa mota mpya na propela ni gramu 305 tu, nimeiweka mbele kidogo, sm 30, inakuja 9,150. Kidhibiti mwendo gramu 65 kwa sm 18, ni 1,170. Jumla 10,320. Pengo ni 6,690, na mwenye kulijaza ni betri ya gramu 430. Gawa, sm 15 na nusu. Yani katikati ya betri iwe sm 15 na nusu mbele ya nukta. Ni mbele ya pale tangi lilipokuwa. Mbao nlizotoa na nlizotia tofauti yake ndogo, nimeiacha.

Ningeliitia betri pale pale pa tangi kama nlivodhania mwanzo ndege ingekuwa na mkia mzito, na mkia mzito kwenye ndege ya nyaya ukigusa mkono kidogo tu inaruka kama imechomwa.

Solda_Darajani

Hesabu iko sawa nimeirudia. Ila fanya kitanda cha betri kinachoweza kusogea sm 2 mbele na nyuma, kwa sababu betri mbili za kampuni moja zenye namba moja nimewahi kuzipima zikatofautiana gramu 20.

MzeeMatrah

Kweli. Anza nayo mbele ya hesabu yako kwa sm 1. Pua nzito inachosha, mkia mzito unavunja. Na usisahau bawa la nje, lazima liwe na risasi kidogo kwenye ncha kwa sababu bawa la ndani linabeba uzito wa nyaya. Ami yako lazima aliitia, itafute usiitoe.

NyayaMbili

Nimeikuta ami, gramu 35 kwenye kisanduku chenye kifuniko.

BodaTemeke

Mkuu betri umeipataje? Mi niliagiza ya drone ikakwama.

NyayaMbili

Betri za lithiamu-ioni kama hii, zikiwa peke yake bila chombo, hazibebwi kama shehena kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Lakini kwenye begi la mkononi la abiria inaruhusiwa ikiwa chini ya Wh 100 (wati-saa). Hii yangu ni volti 22.2 mara 2.7, ni Wh 60. Binamu yangu kaja nazo mbili kutoka Maskati mpaka Unguja, kila moja kwenye mfuko wake, ncha zimefungwa utepe, na kauliza shirika lake kabla ya safari. Kisha zikavuka bahari na mie mwenyewe, nimezipakata boti nzima.

Solda_Darajani

Umefanya la maana. Sasa chaji yake, ampia 2.7 usizidishe, na chaja yenye kusawazisha seli, kila seli isimame 4.2. Ukiwa huruki wiki nzima ziache 3.8 kwa seli. Usiziache ndani ya gari pale Gombani mchana, jua letu la kaskazi mnalijua. Mie nazichajia ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga, nje ya nyumba, na nakaa hapo hapo.

Na ukiichomeka seli sita utasikia pa! na cheche. Usishtuke, ni kidhibiti kinajaza kapasita zake. Lakini ichomeke ya mwisho kabisa, mtu mwengine kashika ndege kwa nyuma, na tangu hapo ihesabu propela inazunguka hata kama imesimama.

NyayaMbili

Mota nimeifunga, ikazunguka kinyume. Nimebadilisha nyaya mbili kati ya zile tatu, ikawa sawa. Nalisema tu kwa atakaekuja kusoma asihangaike.

La muhimu zaidi leo nimeivuta. Mizani ya kutundika nimeazima kwa muuza pweza, kishikio nimekifunga kwenye mwembe, nyaya zote zimenyooka, rafiki yangu kashika ndege kwenye mzizi wa bawa na mie navuta polepole, 10, 15, 20. Kwenye 21 nkasikia tiki. Nkaacha. Nyaya nzima, kishikio kizima. Kuangalia karibu na bawa, ule waya mfupi unaotoka ndani kwenye belkrenki, yani kile kibati cha pembetatu kinachogeuza mvuto wa nyaya kuwa mwendo wa kibawa cha mkia, uzi mmoja wa msokoto umekatika pale unapopinda. Kutu ndani, nje unang'aa.

Nimekaa chini kwenye majani nkauangalia tu. Ningelirusha jana kama nlivotaka... Nimefungua bawa kwa chini, nimebadilisha zote mbili, nimefunika tena. Leo alasiri nimeivuta 24, kimya.

MzeeMatrah

Alhamdulillahi. Hii ndo sababu. Nimeona kwa macho yangu ndege ilotoka kwenye nyaya, sitaki kuielezea.

Sasa uwanja. Mita 20 za nyaya na bawa lako, watu wasimame mita 30 kutoka katikati, na watoto wawe na mtu mzima wa kuwazuia, sio kuambiwa tu. Na pasiwe na nguzo ya umeme karibu kwa namna yoyote, wewe umeshika chuma mita 20 mkononi, ikigusa waya wa umeme hurudi nyumbani. Wingu la radi likionekana hata mbali, kunja.

NyayaMbili

Uwanja tumepata wa majani upande wa Vitongoji, hauna nguzo, mwenyewe katupa ruhusa ya asubuhi.

Sasa mruko wa kwanza. Jumamosi baada ya alfajiri, upepo mdogo wa kaskazi. Watu kama 15 na watoto. Ami Matrah alinambia ndege iachiwe upande unakokwenda upepo ili upepo uzisaidie nyaya kukaza, tukafanya hivo. Taima, kile kifaa kinachowasha na kuzima mota, inangoja sekunde 20 baada ya kubonyeza, nkatembea mpaka katikati, nkafunga kamba ya kishikio kwenye kifundo cha mkono, nkasema bismillahi. Mota ikaanza bila ya kelele. Watu walokuwa wakingojea mlio wa injini waliona ndege inatembea tu, kisha iko juu. Kilo mbili na kitu, haikuruka kwa shida, mita 12 hivi majani yakaachana na tairi.

Mkono umevutwa kama ami Matrah alivosema, ndoo ya maji. Mzunguko sekunde 5.7. Nkaiacha izunguke sawa tu, mara 20 na ngapi, mie nalia sikufichi.

Dakika ya tatu mota ikakata. Kimya. Ndege nzito bila mota haielei kama karatasi, inashuka na mwendo wake, lakini nyaya zilibaki zimekaza kwa sababu ya uzito ule ule, nkaishusha kwa nyuzi ndogo nkagusa majani, ikaruka mara moja, mguu mmoja umepinda. Basi. Tumeukunjua kwa mkono.

Betri ilikuwa nusu, kwa hivo sio betri. Kidhibiti mwendo kilikuwa hakigusiki kwa moto.

Solda_Darajani

Kimejizima kujiokoa. Upepo unaingia wapi na unatoka wapi?

NyayaMbili

Mbele nimetoboa tundu kubwa chini ya spina, ile koni ya mbele ya propela. Nyuma... hakuna. Nlifunga kila kitu ipate kuwa nzuri.

Solda_Darajani

Basi upepo unaingia unasimama. Tundu la mbele ni kama mlango, nyuma umeziba. La kutokea lazima liwe kubwa kuliko la kuingilia, mara mbili au zaidi, kwa sababu hewa ikipita kwenye mota na betri inapata joto inataka nafasi kubwa zaidi. Na kidhibiti kiweke pale upepo unapopita, kisiwe kimefungwa utepe mzima mzima.

NyayaMbili

Nimetoboa chini nyuma ya sanduku la betri, mara mbili na nusu ya la mbele. Kidhibiti nimekihamisha kwenye shavu la kushoto, bati lake la kupozea linatazama njia ya hewa. Gramu 5 nimezipunguza pia kwa mbao nlotoboa.

Na gavana nimeipandisha kutoka 9,200 mpaka 9,600, propela ni inchi 12 kwa 6.

NyayaMbili

Jumamosi hii. Dakika tano na robo kamili, taima ndo ilozima. Mzunguko 5.5. Baada ya kutua kidhibiti naweza kukishika na kidole kikakaa. Nimechaji, zimerudi mAh 1,980. Solda ulisema 2,010!

Nimepiga duara tatu kubwa upande wa upepo unakokwenda. La kwanza nlichelewa kuvuta nkatoka chini kuliko nlivopenda, la pili na la tatu mazuri. Katika kushuka nlingojea ikimbie kama ilivokuwa ikikimbia mikononi mwa ami marehemu, sikuiona, mota unaisikia inajizuia kisha inapanda tena na kuongeza. Ndege ni ile ile na mkono wake niliujua, mzito na wa polepole, lakini imetulia kuliko nnavoikumbuka.

MzeeMatrah

Mwanangu nimeisoma mara mbili, nimemsomea na mama watoto. Sasa nisikilize. Usikimbilie kona za mraba. Kwa gramu 52 ukiivuta kali bawa linaachia, ndege inakaa pua juu lakini inaendelea kushuka. Duara lako liwe pana, anza kutoka juu kidogo kuliko unavoona kwa wengine. Betri irudishe nyuma nusu sm tu, ruka mara nne, kisha nusu nyengine kama mkono bado unaona mzito. Andika kila mruko.

BodaTemeke

Wakuu nakuja Pemba mwezi ujao kwa harusi, nitaruhusiwa kushika ndege wakati wa kuiachia?

NyayaMbili

Karibu sana kaka, ujitahidi uwe umefika kabla ya masika. Unashika kwa mikono miwili nyuma ya bawa, magoti chini, unaangalia mkono wangu na sio propela, nkiushusha unafungua vidole bila ya kusukuma. Ijumaa usiku nachaji zote mbili.